Mafua ya Wote, Kifo cha Wachache: Virusi vya Kifua kwa Watoto wa Ukanda wa Ziwa

Mama yeyote wa Nyalenda au Manyatta, mitaa ya Kisumu, ukimuuliza mwanawe hushikwa na mafua mara ngapi kwa mwaka, atakwambia hajui, maana haya hayajaisha mengine yameanza. Yuko sahihi. Ni jambo la kawaida mtoto mdogo kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na nyumba yenye watoto wa shule huona zaidi. Virusi vinavyohusika ni vingi: rainovirusi, adenovirusi, influenza, parainfluenza, jamii ya korona, na kimoja ambacho Wakenya wengi hawajawahi kusikia jina lake ingawa karibu kila mtoto hukipata kabla ya kutimiza miaka miwili. Wataalamu hukiita RSV kwa kifupi.

Kwa hiyo swali la kwanza, la jinsi magonjwa haya yalivyoenea, halina ugumu. Yanampata kila mtoto, awe wa Kondele au wa London. Gumu ni swali la pili: kwa nini kirusi kile kile kinamtoa mtoto mmoja kamasi kwa wiki moja halafu anarudi kucheza, na mwingine kinamuua kwa siku tatu? Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba ukali huo haumo ndani ya kirusi peke yake. Sehemu kubwa yake inatokana na umri wa mtoto, magonjwa mengine aliyo nayo, umbali wa kituo cha afya, na kama oksijeni ipo au haipo pale anapofikishwa. Ukanda wa Ziwa unalionyesha jambo hili waziwazi, kwa sababu watoto wa hapa wamefuatiliwa na kuhesabiwa kwa miaka mingi.

Kazi hiyo imefanywa hasa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, yenye kituo chake Kisian, nje kidogo ya Kisumu kwenye barabara ya kwenda Busia, ikishirikiana tangu 1979 na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Kule Asembo, Kaunti ya Siaya, vijiji vilivyo karibu na hospitali ya misheni ya Lwak viliwekwa chini ya ufuatiliaji wa pekee kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Wahudumu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili, wakiuliza nani amekohoa, nani amepata homa, nani amepumua kwa shida, na alipelekwa wapi. Mgonjwa aliyefika Lwak alitibiwa bure na sampuli ikachukuliwa puani na kooni.

Utaratibu huo wa kuuliza nyumbani badala ya kungoja hospitalini ulifichua jambo ambalo rejesta ya wodi haiwezi kulionyesha. Utafiti mmoja wa eneo hilo, uliochapishwa 2009, ulikuta kwamba kwa kila kilomita moja inayoongezeka kati ya nyumba na kituo cha afya, idadi ya watoto wanaofikishwa hupungua kwa asilimia 34. Piga hesabu mwenyewe. Kilomita nne zikiongezeka, pale ambapo majirani wa kituo wangeleta watoto watano, wale wa mbali wangeleta mmoja tu. Watoto wa mbali hawaugui kidogo kuliko wa karibu. Wanaugulia nyumbani, na wengine wanafia huko huko.

Ndiyo sababu mtu akikwambia kwamba RSV au influenza husababisha vifo vichache, muulize amehesabia wapi. Lusaka, Zambia, watafiti walikwenda kupima maiti za watoto wachanga katika chumba cha kuhifadhia maiti, kuanzia 2017 hadi 2020. Wengi kati ya waliokutwa na RSV walikuwa wamefia nyumbani, bila kulazwa popote. Takwimu za hospitali zisingewahi kuwajua. Kwetu, mradi uitwao CHAMPS umekuwa ukifanya kazi ya namna hiyo katika mtaa wa Manyatta mjini Kisumu na eneo la Karemo huko Siaya. Mtoto anapofariki, wazazi huombwa ruhusa, kisha chembe ndogo za mapafu, ini na ubongo huchukuliwa kwa sindano bila kuupasua mwili, na jopo la wataalamu hukaa kuamua nini kilianza na nini kilimaliza. Kumwomba mzazi kibali hicho saa chache baada ya msiba ni jambo zito, na kila aliyekubali ametusaidia sisi wengine kujua. Somo kubwa linalojitokeza katika kazi hii, hapa na katika nchi nyingine ulipo mradi huo, ni kwamba mara nyingi kifo cha mtoto hakina sababu moja. Kuna mnyororo: utapiamlo, malaria, HIV, halafu kirusi cha kifua, halafu bakteria anayeingia mlango ukiwa umeshafunguliwa.

Takwimu za dunia zinatoa kipimo cha ukali wenyewe. Makadirio yaliyochapishwa 2022 yalisema kwamba katika mwaka 2019 pekee RSV ilileta visa milioni 33 vya maambukizi ya mapafu na mirija ya chini ya hewa kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Watoto milioni 3.6 walilazwa, na zaidi ya 101,000 walikufa. Vifo hivyo ni takriban vitatu kwa kila visa elfu moja, na mtu anaweza kuona ni vichache mpaka aangalie ni vya nani. Karibu nusu ya waliokufa hawakuwa wametimiza miezi sita. Zaidi ya vifo 95 kati ya kila 100 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kirusi kilikuwa kile kile huku na kule.

Umri una maelezo ya kimwili. RSV hushambulia mirija midogo kabisa ya hewa, ile inayoingia ndani ya mapafu. Kuta za mirija zikivimba na ute ukajaa, mtu mzima hupoteza sehemu ndogo tu ya njia yake ya hewa. Mtoto wa miezi miwili, ambaye mirija yake ni myembamba tangu hapo, hupoteza sehemu kubwa. Anaanza kuvuta hewa kwa nguvu, misuli inachoka, ananyonya mara mbili kisha anaachia titi ili apumue, na asiponyonya anaishiwa maji na nguvu. Kwa hiyo mtoto anayekataa titi kwa sababu ya kifua hana deko. Hana pumzi ya kunyonyea.

Na nani anamletea? Wengi hufikiri ni baridi ya alfajiri, upepo wa ziwani au vumbi. Utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, na KEMRI pamoja na shirika la Wellcome la Uingereza, ambapo jamaa wote wa nyumba walipimwa pua mara mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa kati ya 2009 na 2010, ulionyesha njia nyingine. Mtoto mchanga alipoambukizwa nyumbani, mara nyingi aliyekileta kirusi alikuwa kaka au dada yake mkubwa, hasa anayekwenda shule. Mwanafunzi mwenyewe huwa na kamasi kidogo tu, hana homa, anambeba mdogo wake mgongoni kama kawaida. Mimi naona ugunduzi huu ulistahili kutangazwa kwenye redio za Kisumu kila msimu wa mafua: mtoto mkubwa anayechuruzika kamasi anawe mikono, na kwa siku hizo asimlee mtoto wa chini ya miezi sita kama yupo mwingine wa kumshika.

Utafiti mkubwa zaidi wa sababu za nimonia kali ya watoto, uitwao PERCH, ulifanyika katika nchi saba, Kenya ikiwakilishwa na Kilifi, na matokeo yake yakatoka 2019. Kwa watoto wasio na HIV, virusi vilikadiriwa kusababisha asilimia 61 ya nimonia kali na bakteria asilimia 27. RSV peke yake ilichukua karibu theluthi ya visa vyote. Hapa lakini pana tahadhari ambayo vichwa vya habari huiruka. Kukuta kirusi puani si ushahidi kwamba ndicho kilichomlaza mtoto. Rainovirusi hupatikana kwa watoto wazima wanaocheza uani kwa wingi unaokaribia ule wa waliolazwa. RSV ni tofauti: ukiikuta kwa mtoto anayepumua kwa taabu, mara nyingi ndiyo yenyewe. Ndiyo maana tafiti nzuri huwapima pia watoto wasioumwa, ili kulinganisha.

Kupanda kwa virusi kwenye orodha ya sababu za nimonia kuna habari njema ndani yake. Kenya iliingiza chanjo dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2001, kisha chanjo ya nimokoka mwaka 2011, ambayo mtoto huipata katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kilifi, magonjwa mazito yanayoletwa na aina za nimokoka zilizomo katika chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Bakteria wakubwa wamesukumwa nyuma, na virusi, ambavyo vingi havikuwa na chanjo, vimebaki mbele. Vifo vya watoto nchini kwa ujumla vimeshuka pia: mwaka 2014 watoto 52 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya miaka mitano, na 2022 walikuwa 41.

Sasa turudi ziwani, kwa sababu kuna mambo ya hapa yasiyopatikana Kilifi wala Lusaka kwa namna ile ile.

La kwanza ni malaria. Kandokando ya Ziwa Victoria ndiko malaria ilikokithiri kuliko kwingine kote Kenya. Mtoto anafika dispensari ana homa, anakohoa, anapumua haraka. Kipimo cha malaria kinaonyesha anayo. Mhudumu afanye nini? Malaria kali yenyewe humfanya mtoto apumue haraka kwa sababu ya upungufu wa damu na tindikali mwilini. Lakini pia mtoto wa eneo hili anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu kwa wiki nyingi bila kuumwa, na kinachomhemesha leo kikawa ni RSV au nimonia ya bakteria. Miaka ya nyuma, kipimo cha malaria kikishasoma ndiyo, uchunguzi uliishia hapo. Mtoto alirudi nyumbani na dawa za malaria peke yake, kifua kikabaki vile vile. Mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani unataka yote mawili yaangaliwe: pima malaria, na hesabu pumzi. Kusahau la pili ni kosa linalofanyika kirahisi sana katika chumba chenye foleni ya akina mama hadi nje. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa nchini Septemba 2019, uzinduzi ukifanyikia Homa Bay, inasaidia hata katika jambo hili, kwa kuwa kila kisa cha malaria kinachoepukwa kinaondoa utata mmoja na pigo moja katika ule mnyororo.

La pili ni HIV. Homa Bay, Kisumu na Siaya zimekuwa miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi nchini. Mpango wa kuzuia mama asimwambukize mtoto umefanya kazi kubwa, na leo watoto wengi wa akina mama wenye HIV huzaliwa bila HIV. Hata hivyo tafiti za Afrika Kusini zimeonyesha kwamba watoto hawa wasioambukizwa hulazwa na RSV kali zaidi ya wenzao katika miezi ya mwanzo. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba HIV ya mama, na hata malaria ya kondo, inaweza kupunguza kinga inayopita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni. Kwa kaunti za ziwani hilo lina uzito wa pekee, na nitalirudia.

Moshi nao hutajwa kila mara, na ni kweli upo. Ukipita mtaa wa Obunga, Kisumu, wanakokaangia mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki walioondolewa minofu, masufuria makubwa ya mafuta yako juu ya moto wa kuni tangu asubuhi, na wanawake wengi wana watoto mgongoni au kwenye maboksi pembeni. Macho yanawasha kabla hujasalimia. Hakuna mtu anayeweza kusema hewa ile inamfaa mtoto. Ila tusidanganyane kuhusu tiba yake. Malawi walifanya jaribio la watoto zaidi ya 10,000, nusu ya vijiji wakapewa majiko bora, na matokeo ya 2017 hayakuonyesha nimonia kupungua hata kidogo. Huenda majiko hayakusafisha hewa kiasi cha kutosha, huenda moshi wa jirani na wa takataka uliendelea kuingia. Nayataja haya kwa sababu fedha za kaunti ni chache, na jiko si mbadala wa chanjo wala wa oksijeni.

Oksijeni ndilo jambo linaloniuma kuliko yote. Hakuna dawa ya kuua RSV ambayo mtoto wa kawaida atapewa wodini, si Kisumu wala Ulaya. Tiba ni kumshikilia: oksijeni, maji au maziwa kwa mpira wa puani, kusafisha pua, na kungoja mwili ufanye kazi yake, siku tatu, nne, tano. Mtoto aliyepata oksijeni siku hizo kwa kawaida hupona kabisa. Aliyeikosa anaweza kufa kwa ugonjwa ambao ungeondoka wenyewe. Na ili ujue anaihitaji unahitaji oksimita, kile kibano cha kidoleni kinachosoma kiwango cha oksijeni kwenye damu, kikishuka chini ya 90 aanzishiwe. Jicho la mhudumu, hata awe mzoefu, hukosea.

Siaya walionyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 2014 mtambo wa kutengeneza oksijeni ulijengwa katika hospitali ya rufaa ya kaunti hiyo kupitia Hewa Tele, shughuli iliyoasisiwa na Daktari Bernard Olayo, ukajaza mitungi ya hospitali hiyo na ya vituo vingine badala ya kutegemea magari ya kutoka mbali. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, hupokea wagonjwa wa kutoka kaunti zote za jirani. Lakini mtoto wa visiwa vya Mfangano au Remba anayezidiwa usiku lazima kwanza avushwe kwa boti. Anahitaji oksijeni kabla ya Kisumu, na mara nyingi hata kabla ya Mbita. Kwangu mimi, dispensari ya kisiwani isiyo na oksimita wala mtungi mmoja haijakamilika, hata ikiwa imepakwa rangi mpya na jina la mfadhili.

Kuna upande wa dawa ambao hatuwezi kuuacha. Kwa kuwa nimonia ya virusi na ya bakteria hazitofautishiki kwa macho, mwongozo unaagiza mtoto mwenye pumzi za haraka apewe amoksilini, na ni sawa: kumkosesha mwenye bakteria ni hatari zaidi. Tatizo liko kwingine, kwa mtoto mwenye mafua ya kawaida anayenunuliwa Amoxil dukani, vidonge vichache vinavyotosha pesa iliyopo. Dawa hiyo haigusi kirusi hata kimoja. Inachofanya ni kuwafundisha bakteria kuizoea, na kumpa mzazi matumaini ya siku mbili ambazo mtoto alipaswa kuwa hospitalini.

Influenza ina hadithi yake Kisumu. Juni 2009, dunia ilipokuwa na hofu ya homa mpya ya H1N1, kisa cha kwanza kuthibitishwa Kenya kilikuwa cha mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuja na wenzake, na kundi lile likawekwa karantini katika hoteli hapa Kisumu. Mshtuko ulikuwa mkubwa, kana kwamba influenza ilikuwa ngeni. Kumbe ilikuwa hapa siku zote, ikizunguka karibu mwaka mzima bila msimu mmoja ulio wazi kama wa Ulaya. Mwaka 2016 jopo la taifa linaloshauri kuhusu chanjo lilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe dhidi ya influenza. Pendekezo hilo halijawa sehemu ya ratiba ya kawaida ya kliniki.

Kwa RSV, mlango umefunguka sasa hivi. Chanjo anayopewa mama mjamzito ili kinga ipite kwa mtoto iliidhinishwa Marekani Agosti 2023. Katika majaribio ilizuia ugonjwa mkali kwa takriban asilimia 82 katika siku 90 za kwanza za mtoto, na asilimia 69 hadi miezi sita, yaani muda ule ule ambao vifo vingi hutokea. Machi 2025 Shirika la Afya Duniani liliipitisha kwa ununuzi wa mashirika ya kimataifa, na Mei mwaka huo likapendekeza nchi zote ziwe na chanjo hiyo au sindano ya kingamwili ya mtoto. Kliniki ya wajawazito tayari ipo, kadi ipo, jokofu la chanjo lipo. Kenya inapoiingiza, kaunti za ziwani zisiwe za mwisho, na zisichukulie kwamba asilimia zilizopatikana kwingine zitajirudia zenyewe hapa. Mama wa Rarieda au Suba aliye na HIV au aliyeugua malaria akiwa mjamzito anapaswa kuhesabiwa tangu siku ya kwanza, na KEMRI Kisian wana uzoefu wa kuifanya kazi hiyo.

Mpaka chanjo ifike, silaha ya karibu ni saa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua na uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Aliye chini ya miezi miwili akifikisha 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona nyama ya chini ya mbavu inazama ndani anapovuta hewa, au ameshindwa kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au ni mlegevu na haamki vizuri, usingoje kuche na usianzie duka la dawa. Mwite mhamasishaji wa afya wa kijiji chako, tafuta boda au boti, na ukifika uliza waziwazi: oksijeni yake ni ngapi?